Uchambuzi wa kisa: Kingamwili cha STAT3 kilichowaka kwenye biopsi na kuzimika kwenye vipande vya upasuaji

Kisa hiki kilitokea katika maabara ya patholojia ya hospitali moja ya kufundishia, Afrika Mashariki. Nilishirikishwa kama mshauri wa upande wa maabara, majibu ya kwanza yakiwa yameshapatikana. Nimeondoa majina ya watu, ya hospitali na ya mtengenezaji wa kingamwili, pamoja na idadi ya wagonjwa. Hospitali zinazopasua umio katika ukanda wetu hazijai mkono mara nyingi, na idadi peke yake ingeweza kumfichua mtu.

Usuli

Saratani ya umio ya seli bapa imeshika ukanda mrefu wa mashariki mwa Afrika, kutoka Ethiopia kupitia Kenya, Uganda na Tanzania hadi Malawi na kusini zaidi. Wagonjwa wengi hufika hospitali wakati hata uji unapita kwa taabu. Wachache ndio wanaofaa kupasuliwa. Waliobaki huchukuliwa biopsi kwa endoskopi na kupewa tiba ya kupunguza makali.

Mtafiti wetu, mwanafunzi wa uzamili, alitaka kujua kama protini iitwayo STAT3 imewashwa katika uvimbe huu. STAT3 ni mnyororo wa asidi amino 770. Seli ikiwa imetulia, sehemu kubwa ya protini hii hukaa nje ya kiini bila kazi kubwa. Interlukini-6, protini inayobeba ujumbe kati ya seli, ikijishika kwenye kipokezi juu ya utando wa seli, vimeng'enya vya familia ya JAK huibandika STAT3 kikundi cha fosfati kwenye asidi amino ya 705, iitwayo tairosini. STAT3 mbili zenye alama hiyo hushikana, huingia ndani ya kiini, na kuamsha jeni za ukuaji na za kuzuia seli isife. Kwa kawaida alama haidumu. Vimeng'enya vingine, fosfatasi, huibandua na ujumbe ukakatika. Katika saratani nyingi alama hubaki, na seli huendelea kusikia amri ya kukua ambayo ilipaswa kuwa imeshanyamaza.

Kwa hiyo haikutosha kupima STAT3 yote. Kilihitajika kingamwili kinachoitambua protini hii pale tu inapokuwa na fosfati mahali pa 705.

Kingamwili chenyewe

Kilichonunuliwa kilikuwa kingamwili monokloni cha sungura. Njia ya kutengeneza vingamwili monokloni ilibuniwa na Georges Köhler na César Milstein huko Cambridge mwaka 1975, wakitumia seli za panya, na mwaka 1984 walipata Tuzo ya Nobel pamoja na Niels Jerne. Ubora wake ni kwamba molekuli zote za kingamwili hicho zinafanana na zinashika sehemu ileile moja ya protini. Ukinunua chupa leo na nyingine mwakani, unatarajia tabia ileile.

Lakini hapo hapo ndipo ulipo udhaifu wake. Kingamwili polikloni hushika protini kwenye sehemu kadhaa, kwa hiyo moja ikiharibika nyingine hubaki. Monokloni ina mlango mmoja. Na hiki chetu mlango wake ulitegemea fosfati, kitu ambacho vimeng'enya vya seli yenyewe vinaweza kukiondoa ndani ya muda mfupi. Naomba msomaji aliweke hilo akilini, kwa kuwa kisa chote kimesimama juu yake.

Yaliyotokea

Mtafiti alianza vizuri kuliko wengi. Kabla ya kugusa tishu ya mgonjwa, aliomba maabara shirika imfanyie westani bloti, kipimo kinachotenganisha protini kwa ukubwa na kuzionyesha kama mistari kwenye utando, kwa aina mbili za seli za saratani ya tezi dume: DU145, ambazo STAT3 yake huwa imewashwa muda wote, na PC-3, ambazo zimepoteza jeni ya STAT3. Uchaguzi huo ni wa kusifiwa. Seli isiyo na jeni ni shahidi mkali kuliko yeyote, kwa sababu mstari wowote utakaojitokeza hapo ni wa protini nyingine. Utando wa bloti ulizibwa kwa albumini ya ng'ombe ili kingamwili kisinate ovyo. Maziwa ya unga yaliachwa, maana kaseini ya maziwa imejaa fosfati na huweza kukichanganya kingamwili cha aina hii. Majibu yalitoka safi: mstari mmoja karibu na kilodaltoni 88, uzito unaotarajiwa wa STAT3, upande wa DU145, na upande wa PC-3 hapakuwa na kitu.

Kwa uthibitisho huo akaanza kutia rangi slaidi za wagonjwa, vipande vya tishu vilivyohifadhiwa kwa formalini na kugandishwa ndani ya parafini. Kwenye biopsi za endoskopi, viini vya seli za uvimbe vikawa kahawia, ishara kwamba kingamwili kimeshika. Kwenye vipande vikubwa vya upasuaji slaidi zilibaki bluu tupu ya hematoksilini, rangi ya kawaida ya kuonyesha viini.

Mgawanyiko ulikuwa wa kuvutia mno, na maelezo ya kibiolojia yalikuwa tayari mdomoni. Biopsi nyingi zilitoka kwa wagonjwa ambao ugonjwa umeshapita kiwango cha kupasuliwa. Vipande vya upasuaji vilitoka kwa wale wa hatua za mapema. Basi ikaonekana kwamba STAT3 huwaka ugonjwa unapozidi, na huenda ikatumika kumtambua mgonjwa asiyefaa kisu. Muhtasari wa mkutano ukaandikwa, na tarehe ya mwisho ya kuutuma ilikuwa karibu.

Uamuzi wa kwanza: muhtasari usitumwe

Msimamizi alizuia, na sababu yake ilikuwa fupi. Baadhi ya waliopasuliwa walikuwa wamechukuliwa biopsi katika hospitali hiyohiyo majuma machache kabla, bila kupewa dawa yoyote ya saratani katikati. Akaagiza slaidi zao zitafutwe kwenye makabati. Zilipotiwa rangi, mgonjwa yuleyule, uvimbe uleule, biopsi ilikuwa kahawia na kipande cha upasuaji bluu. Ugonjwa haurudi nyuma hatua nzima ndani ya majuma machache bila tiba. Tofauti, basi, ilikuwa inatoka kwenye safari ya tishu au kwenye kingamwili, na hapo ndipo nilipoitwa.

Kuzuia kazi ya kijana aliyehangaika nayo, tena ikiwa na majibu yanayopendeza, si jambo jepesi kwa msimamizi yeyote. Alifanya hivyo kabla hajajua kosa liko wapi, na naliona kuwa ndilo tendo muhimu kuliko yote katika kisa hiki.

Shaka tatu na jinsi zilivyopimwa

Shaka ya kwanza iliangukia kingamwili. Umeme ulikuwa umekatika na friza ikapoteza baridi nusunusu, na chupa iliyokuwa ikitumika ilikuwa ya bechi mpya. Wengi walikuwa tayari kuagiza nyingine, jambo ambalo kwetu maana yake ni kusubiri mzigo uvuke forodha huku barafu kavu ikiisha. Tulipima kwanza. Biopsi zilizowahi kuwaka zilitiwa rangi upya siku moja na vipande vya upasuaji, kwa chupa ileile, kwenye trei ileile. Biopsi zikawaka tena, vipande vikabaki bluu. Kingamwili kilikuwa hai. Ni vema kukumbuka pia kwamba vingamwili vingi vya aina hii huuzwa ndani ya gliserini asilimia 50, na kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri mchanganyiko huo haugandi, hivyo kukatika kwa umeme kwa muda mfupi hakukiui kama tunavyoogopa.

Shaka ya pili ilikuwa formalini yenyewe. Kipande kilichoingia Ijumaa huenda kilikaa hadi Jumatatu, na formalini ikikaa mno hufunga protini pamoja hadi mlango wa kingamwili unafunikwa. Dawa yake ni kuchemsha slaidi kwa muda zaidi ndani ya bafa ya EDTA yenye pH 9. Tulichemsha. Mabadiliko yalikuwa madogo mno.

Slaidi moja ndiyo iliyotufungua macho. Chini ya hadubini ilionyesha ukanda mwembamba wa viini vya kahawia kwenye ukingo wa nje wa kipande, upana wake wa milimita moja hivi, kisha rangi ikafifia kadiri ulivyoelekea ndani mpaka ikapotea. Kama tatizo lingekuwa formalini kuzidi, ukingo ndio ungeumia kwanza, maana ndio unaoguswa mapema. Hapa ukingo ulikuwa ndio uliopona. Formalini hupenya tishu kwa mwendo wa karibu milimita moja kwa saa. Kilichofikiwa mapema kilihifadhi alama, kilichosubiri kiliipoteza.

Ikabaki shaka ya tatu, ucheleweshaji. Kabla ya kuikubali tulitaka mambo mawili yathibitike. Slaidi za jirani zilitiwa rangi kwa kingamwili kinachoshika STAT3 yoyote, yenye fosfati na isiyo nayo. Zikawaka kotekote, ukingoni na katikati. Protini ilikuwapo, kilichotoweka ni alama. Kisha biopsi iliyokuwa ikiwaka vizuri ilimwagiwa fosfatasi ya lamda, kimeng'enya kinachobandua fosfati, kabla ya kutiwa kingamwili. Kahawia yote ikaondoka, na STAT3 ya jumla ikabaki kama ilivyokuwa. Kingamwili kilikuwa kikisema kweli tangu mwanzo.

Safari ya ndoo

Nilikwenda kufuata njia ya kipande kutoka thieta. Kwenye rafu karibu na mlango palikuwa na bakuli la chuma, ndani yake umio uliofungwa kwa shashi iliyoloweshwa maji ya chumvi.

"Sista, hiki kimekaa hapa tangu saa ngapi?"

"Tangu kesi ya kwanza, daktari. Mhudumu atapita kesi zikiisha, achukue vyote kwa pamoja."

Kesi ya kwanza ilikuwa asubuhi. Tulikuwa tumeshapita adhuhuri. Fomu iliyobandikwa ilikuwa na tarehe, jina na saini, bila saa, kwa sababu haikuwa na sehemu ya kuandikia saa. Sista alifanya kila alichoelekezwa, na shashi yenye maji ya chumvi ni utaratibu wa heshima kabisa wa kuzuia tishu isikauke. Haizuii fosfatasi.

Maabara nayo ilikuwa na lake. Umio ni bomba. Ulitumbukizwa ndani ya ndoo ukiwa mzima, haujapasuliwa kwa urefu, na formalini ikiufunika kwa shida. Uvimbe huota kwenye ngozi laini ya ndani ya bomba. Formalini ilibidi ipenye ukuta mzima wa misuli kutoka nje, au ijipenyeze kwenye tundu lililojaa ute na uvimbe wenyewe. Biopsi, kwa upande wake, ni punje ndogo inayodondoshwa ndani ya kichupa cha formalini mara koleo la endoskopi linapotoka mdomoni mwa mgonjwa. Tofauti yote ya kahawia na bluu ilikuwa hapo.

Jaribio la tonsili

Hata hivyo, maelezo yanayoridhisha si ushahidi, na tulikuwa tumeshaona jinsi maelezo ya kwanza yalivyopendeza. Kwa kibali cha kamati ya maadili na ridhaa ya wazazi, tulitumia tonsili zilizokuwa zinaondolewa kwa sababu za kitabibu na ambazo mabaki yake hutupwa. Kila moja ilikatwa vipande palepale. Kimoja kilizama kwenye formalini papo hapo; vingine vilisubiri ndani ya shashi yenye maji ya chumvi, kwenye joto la chumba, kwa nusu saa, saa moja, saa mbili na saa nne. Mteknolojia alibadilisha lebo ili msomaji wa slaidi asijue ipi ni ipi.

Vipande vya papo hapo vilikuwa na viini vya kahawia vilivyotapakaa. Kufikia saa moja vilikuwa vimefifia kwa namna iliyoonekana bila ubishi, na kufikia saa nne palibaki kidogo sana. STAT3 ya jumla haikutikisika. Jambo moja lilinishughulisha zaidi: kasi haikuwa sawa kwa tonsili zote. Moja ilipoteza alama mapema, nyingine ikang'ang'ania. Mwenzetu mmoja alikuwa amependekeza tutafute kizidisho cha kurudisha thamani za vipande vya zamani kulingana na saa zilizokadiriwa. Tofauti hizo zililifunga pendekezo hilo. Huwezi kusahihisha kwa kizidisho kitu ambacho kila tishu inakipoteza kwa mwendo wake, tena kwa saa ambazo hakuna aliyeziandika. Na zipo alama nyingine za fosfati, hasa kwenye njia za msongo kama p38, ambazo zinaweza kupanda tishu ikikosa damu. Kuchelewa hakushushi tu, kunapotosha pande zote mbili.

Matokeo

Vipande vyote vya zamani vya upasuaji viliondolewa kwenye uchambuzi wa STAT3 yenye fosfati. Vimebaki kwa STAT3 ya jumla, ambayo vinaitunza vizuri. Tasnifu ilipunguzwa ikahusu biopsi peke yake, na dai kuhusu hatua za ugonjwa likafutwa. Mtafiti alichelewa kuwasilisha, lakini sura yake kuhusu uhifadhi wa tishu ndiyo waliyoizungumza watahini kwa muda mrefu kuliko nyingine.

Thieta na maabara walikubaliana utaratibu mpya. Fomu sasa ina saa mbili: saa mishipa ilipobanwa na saa tishu ilipoingia kwenye formalini. Kwa wagonjwa waliokubali kushiriki utafiti, kipande kidogo cha uvimbe hukatwa thieta na kuzamishwa hapo hapo, mahali pasipogusa kingo ambazo mwanapatholojia anazihitaji kwa taarifa ya mgonjwa. Umio uliobaki hupasuliwa kwa urefu na kubandikwa kwenye ubao kabla ya kuzama, formalini ikiwa angalau mara kumi ya ujazo wake. Mwongozo wa Marekani wa kupima vipokezi vya homoni kwenye saratani ya titi unataka tishu iingie formalini ndani ya saa moja na ikae humo kati ya saa 6 na 72. Tuliuchukua kama kiwango cha kazi za kawaida. Kwa fosfati ya 705, tonsili zilikuwa zimetuonyesha kwamba hata saa moja ni nyingi.

Uchambuzi

Uthibitisho wa mwanzo ulikuwa imara, na ulijibu swali moja tu. Westani bloti inakikabidhi kingamwili protini iliyonyooshwa kwa sabuni, kutoka seli zilizopasuliwa kwenye barafu ndani ya majimaji yenye vanadeti ya kuzuia fosfatasi. Tishu ndani ya parafini ni hali nyingine kabisa. Mwaka 2016 kundi la kimataifa la wanasayansi lilipendekeza nguzo tano za kuthibitisha vingamwili, ikiwemo hiyo ya kutumia seli zisizo na jeni, na likasisitiza kwamba uthibitisho ni wa kila matumizi kivyake. Hapa nguzo ya jeni ilisimamishwa kwenye bloti, kisha ikadhaniwa imebeba na slaidi. Seli zilezile za DU145 na PC-3 zingeweza kukusanywa, kuhifadhiwa kwa formalini, kugandishwa ndani ya parafini, na kukaa pembeni ya kila slaidi kama kontroli. Sasa zinakaa.

Kingamwili cha STAT3 ya jumla kilikuwa kwenye bajeti ya mwanzo kikakatwa ili kuokoa fedha. Naielewa bajeti ya utafiti wa uzamili, na bado nasema huo ndio ubanaji uliogharimu kuliko yote. Bila kipimo cha jumla, bluu ya slaidi ina maana zaidi ya moja na hakuna njia ya kuzitenganisha. Anayeweza kumudu kingamwili kimoja tu asipime alama ya fosfati. Apime kitu kingine.

Kuna jambo linalosemwa sana siku hizi, kwamba vingamwili vya utafiti haviaminiki, na lina msingi. Mwaka 2017 watafiti waliopima vingamwili 13 vya kipokezi cha estrojeni beta waliona kimoja tu kinachofaa, baada ya miaka mingi ya makala zilizoandikwa kwa vile vingine. Sifa hiyo mbaya ndiyo iliyofanya kila mtu chumbani amtazame mtengenezaji kwanza. Tungeagiza chupa mpya bila kupima, ingefika baada ya majuma, ingetoa bluu ileile, na huenda tungeandika kwamba vingamwili viwili tofauti vimethibitisha ugunduzi wetu. Hilo lingekuwa baya kuliko muhtasari wa kwanza.

Kilichotuokoa ni slaidi za wagonjwa walewale kabla na baada, na ule ukingo wa kahawia. Vyote vilikuwa kwenye kabati tayari, bila gharama mpya. Programu ya kuhesabu viini ilikuwa imetoa wastani wa kila slaidi, na ndani ya wastani ule ukanda wa milimita moja ulimezwa. Aliyeuona ni mteknolojia, aliyezungusha slaidi polepole kwa jicho lake.

Kwenye tasnifu, kingamwili kimeandikwa kwa namba ya kloni, namba ya utambulisho ya RRID, bechi, kiwango cha kuzimua, bafa na muda wa kuchemsha. Kila sampuli ina saa zake mbili pembeni. Vipande vya kwanza vya utaratibu mpya vimeonyesha kahawia hadi katikati. Lakini mpasuaji hubana mishipa muda mrefu kabla umio haujatoka kifuani, na katika muda huo tishu ina joto la mwili, haina damu, na fosfatasi zinafanya kazi. Saa ya kubana imewekwa kwenye fomu kwa sababu hiyo, na kila jibu la STAT3 kutoka vipande vya upasuaji sasa husomwa likiwa na muda huo kando yake.